Tumpime Ndipo Tumfundishe, Ama Tumfundishe Ndipo Tumpime?

Somo la vikundi: uwezo wa kujifunza wa mtu aliyeugua akili



Katika somo hili tunataka kulijibu swali ambalo tumeulizwa katika vikundi vingi, tena na watu wenye nia nzuri. Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Nyamira alituuliza hivi: "Huyu mwenzetu ametoka hospitali ya akili. Je, tumrudishe kwenye kazi za kikundi, ama tuwe tu tunampelekea sukari wakati wa Krismasi?"

Sukari si mbaya. Lakini swali lenyewe ni zito. Ndani yake kuna hisa za mtu, kuna shamba lake, kuna jina lake katika kijiji. Kikundi kikijibu vibaya, mtu anaweza kukaa nyuma ya nyumba miaka ishirini huku watu wakisema, "Yule akili yake iliisha."

Shabaha ya somo: mwishoni tuweze (1) kutofautisha ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili, (2) kujua kwa nini swali moja au mtihani mmoja haumpimi mtu, (3) kutumia njia nyepesi ya kuona kama mtu anaweza kujifunza, na ni msaada gani anaohitaji.

1. Tuanze na kosa letu wenyewe

Yule mama tuliyeulizwa habari zake alikuwa mweka hazina. Baada ya kujifungua mtoto wa tatu alishikwa na ugonjwa. Hakulala siku nyingi, akasikia sauti, akatupa vyombo nje. Alipelekwa hospitali, akatibiwa, akarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye kikundi kilikutana, nasi wafanyakazi wa jamii tukiwa pale. Mtu mmoja akasema, "Ebu tumpime kidogo." Wakamsimamisha mbele ya watu thelathini wakamwuliza: "Saba mara nane ni ngapi?" Mama akanyamaza. Wakamwuliza jumla ya mchango wa mwezi. Akatazama chini. Mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Basi ikaamuliwa kwamba hawezi tena. Daftari likachukuliwa. Na sisi, watu tuliosomea kazi hii, tuliitikia kwa kichwa. Hatukuuliza alikunywa dawa gani asubuhi ile. Hatukuuliza alikuwa amelala saa ngapi. Hatukuuliza kama mmoja wetu, akisimamishwa vile mbele ya watu, angeikumbuka saba mara nane.

Miezi mitatu baadaye tulimkuta sokoni anauza ndizi. Mteja alichukua mikungu miwili ya bei tofauti, akatoa noti kubwa. Mama akarudisha chenji sawasawa bila kuandika popote. Tulipomsalimia alituambia kwa upole, "Nyinyi mlinipima siku ya sindano."

Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

2. Mambo mawili yasichanganywe

Katika mazungumzo yetu tunatumia maneno kama punguani, kichaa, mwendawazimu, kana kwamba ni kitu kimoja. Kwanza, hayo ni maneno ya kuumiza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na asiitwe kwa jina la kumdunisha. Pili, yanachanganya hali mbili tofauti.

Ulemavu wa akili huanza utotoni. Mtoto anachelewa kukaa, kutembea, kusema, na anachelewa kujifunza mambo ya kila siku kuliko wenzake. Sababu ni nyingi: shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, ukosefu wa madini ya joto wakati mama ni mjamzito, na nyingine za kurithi. Hali hii haiponi kwa dawa, lakini mtu huyu hujifunza, kwa mwendo wake.

Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote, hata mwalimu mkuu, hata padre. Mara nyingi huanza mtu akiwa kijana au mtu mzima. Huja, hupungua, na pengine hurudi. Uko wa aina nyingi: huzuni kubwa isiyoisha, wasiwasi mwingi, ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, na ule mzito unaoitwa skizofrenia, ambao Shirika la Afya Duniani linasema unampata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani.

Je, ugonjwa wa akili unagusa uwezo wa kufikiri? Ndiyo, unaweza. Mtu mwenye huzuni kubwa husahau na hufikiri polepole, hata watu wakadhani amezeeka ghafla. Mwenye skizofrenia anaweza kuwa na shida ya kutega sikio kwa muda mrefu, ya kukumbuka maagizo mengi kwa pamoja, na ya kupanga kazi kwa hatua. Na hapa kuna jambo ambalo jamaa wengi hawaambiwi: dawa hutuliza sauti na hofu, lakini shida hizi za kukumbuka na kupanga haziziondoi sana. Ndiyo sababu mtu "amepona" lakini bado anaacha sufuria motoni. Si uvivu. Si kiburi. Ni sehemu ya ugonjwa, na inahitaji mafunzo, siyo matusi.

Lakini shida ya kukumbuka si sawa na kukosa akili. Mguu uliovunjika unachechemea, lakini bado ni mguu.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Wakisii wamejulikana duniani kwa omobari, yule fundi aliyepasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa mtu aliyepigwa kichwani na kubaki na maumivu yasiyokwisha. Edward Margetts, daktari wa akili aliyefanya kazi Mathari miaka ya 1950, aliandika habari za mafundi hawa. Hatusemi turudi huko; leo tunayo hospitali. Tunasema tu kwamba babu zetu walijua kichwa kinaweza kuugua na kutibiwa kama kiungo kingine chochote.

3. Vipimo vilivyotudharau

Tunapoambiwa "amepimwa akili," tukumbuke kwamba nchi yetu ina historia mbaya katika jambo hili.

Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza mwaka 1910. Katika miaka ya 1930 daktari wa huko, H. L. Gordon, alitangaza kwamba Mwafrika wa Kenya ana akili pungufu kwa maumbile. Mwenzake F. W. Vint alipima bongo za Waafrika waliokufa, na mwaka 1934 akaandika kwamba ubongo wa mtu mzima wa hapa haujakomaa kuliko wa mtoto wa Kizungu. Baadaye J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Kosa lao lilikuwa wapi? Tulitazame vizuri, maana tunalirudia vijijini bila kujua. Kwanza, Carothers alikutana zaidi na wagonjwa waliofungiwa, kisha akasema habari za watu wote. Pili, ubongo uliokwisha kutolewa kichwani hauwezi kuonyesha mtu huyo angejifunza nini kama angefundishwa. Tatu, waliuliza "Ana nini?" bila kuuliza "Amepewa nafasi gani?" Mtoto ambaye hajawahi kushika penseli hawezi kulinganishwa na aliyezaliwa katika nyumba ya vitabu.

Leo madai hayo yametupwa na wanasayansi. Lakini sisi tukimsimamisha mgonjwa mbele ya watu na kumwuliza hesabu, tunatembea katika njia ile ile.

4. Basi akili ni nini?

Waswahili husema: akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kipimo cha kwanza cha akili kilichojulikana sana kilitengenezwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon. Serikali ya Ufaransa ilitaka kuwajua watoto wanaohitaji kusaidiwa shuleni. Binet mwenyewe hakukubali kwamba akili ni kitu kisichobadilika. Alisema inaweza kukuzwa kwa mafunzo. Waliokuja nyuma ndio waliogeuza kipimo kuwa hukumu.

Vipimo vya siku hizi hutoa namba. Wastani ni 100, na watu wapatao 68 kwa kila 100 huwa kati ya 85 na 115. Aliye chini ya 70 hivi, tena akiwa na shida katika maisha ya kila siku tangu utotoni, huhesabiwa kuwa na ulemavu wa akili. Angalieni: namba peke yake haitoshi. Ni lazima pia iulizwe, je, anavaa mwenyewe? Ananunua dukani? Anajua kumkimbia mbwa mkali? Na vipimo vingi vilitengenezwa Marekani na Uingereza, kwa watu wa huko.

Hapa kwetu neno obong'aini lina mambo mengi ndani yake. Mtoto mwenye obong'aini ndiye anayetumwa na kurudi na jibu sahihi. Majirani zetu wako hivyo pia. Sara Harkness na Charles Super walikaa Kokwet kwa Wakipsigis katika miaka ya 1970, wakakuta neno ng'om linamsifu mtoto anayejua wajibu wake nyumbani. Akili ya darasani ni jambo jingine. Wajaluo wana neno rieko, na karibu nalo luoro, yaani heshima, paro, yaani kufikiri na kuanzisha jambo, na winjo, yaani kuelewa hali.

Huko Usenge, karibu na Ziwa Victoria, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto kuhusu dawa za mitishamba za minyoo na magonjwa mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kumbe watoto waliojua dawa zaidi hawakuwa wale wa mbele katika maneno ya Kiingereza. Mara nyingi walikuwa nyuma. Je, hawana akili hao? Wanayo, ila imewekwa pale maisha yalipoihitaji.

Fundisho kwetu: ukitaka kumpima mkulima wa Borabu, usimpime kwa kazi ya karani wa Nairobi.

5. Njia nyingine: pima, fundisha, pima tena

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwalimu mmoja mzaliwa wa Romania, Reuven Feuerstein, alifanya kazi na watoto waliookoka mauaji ya Wayahudi na wengine waliotoka Morocco. Kwa vipimo vya kawaida wengi walionekana kama wenye ulemavu wa akili. Feuerstein hakukubali. Alisema: tusimwulize mtoto anajua nini, tumfundishe kitu kipya hapa hapa tuone anakipokeaje. Kabla yake Lev Vygotsky wa Urusi, aliyefariki mwaka 1934, alikuwa amefundisha kwamba tuangalie pia yale mtu anayoyaweza akishikwa mkono kidogo, maana hayo ndiyo ya kesho.

Njia hiyo ililetwa pia kwa wagonjwa wa akili. Nchini Ujerumani Karl Heinz Wiedl na wenzake walitumia kadi zenye maumbo na rangi. Mgonjwa wa skizofrenia hupanga kadi kwa kanuni ambayo hakuambiwa, na kanuni hiyo hubadilika njiani. Wakampima mara ya kwanza, wakamfundisha, wakampima tena. Wakapata mafungu matatu: walioweza tangu mwanzo, walioshindwa mwanzo lakini wakaweza baada ya kufundishwa, na wale ambao mafunzo hayo hayakuwasaidia. Fungu la pili ndilo la kutufungua macho. Kwa kipimo cha siku moja wangeitwa wasioweza. Tena ikaonekana kwamba anayejifunza wakati wa kupimwa ana matumaini zaidi ya kufaidika na mafunzo ya kazi.

6. Kabla ya kupima: maswali sita

Msipime mtu yeyote kabla ya kujibu haya:

(a) Dawa: Amemeza au amechomwa lini? Dawa nyingi za akili huleta usingizi, kutetemeka na ukavu wa kinywa. Siku ya sindano si siku ya kupima. Lakini msimwambie aache dawa ili apimwe! Hilo ni hatari. Chagueni siku nzuri.
(b) Ugonjwa: Je, sauti bado zinamsumbua? Bado ana huzuni nzito? Ngojeni atulie.
(c) Macho na masikio: Anaona? Anasikia? Tumemkuta mzee aliyeitwa mjinga, kumbe masikio yalikuwa yamezibika.
(d) Mwili: Amekula? Amelala? Ana malaria, upungufu wa damu, kifafa, au anakunywa chang'aa?
(e) Lugha: Mpimeni kwa Ekegusii kama ndiyo lugha yake. Si kwa Kiingereza, wala kwa Kiswahili kigumu.
(f) Aibu: Pimeni faraghani, na mtu anayemwamini. Mwombeni ruhusa kwanza. Akikataa, basi, mwacheni hadi siku nyingine.

7. Namna ya kufanya: mfano wa kitalu cha miti

Chagueni kazi halisi ambayo kikundi kinafanya na ambayo ni mpya kwake. Tuseme ni kitalu. Igaweni kazi katika hatua sita: kuchekecha udongo, kuchanganya madebe matatu ya udongo na debe moja la samadi, kujaza karatasi ya nailoni, kushindilia kidogo, kupanda mche, kupanga kumi kumi na kumwagilia maji.

Siku ya kwanza, mwonyesheni kazi yote mara moja, kisha afanye peke yake. Hesabuni hatua alizofanya sawasawa bila msaada.

Halafu fundisheni. Akikwama, msikimbilie kumfanyia. Toeni msaada kidogo kidogo: kwanza neno tu, "Kuna kitu kimebaki?" Asipopata, mwonyesheni kwa kidole. Asipopata, fanyeni mbele yake. Asipopata, shikeni mkono wake mfanye pamoja. Andikeni alihitaji msaada wa ngazi gani. Fundisheni hatua moja mpaka aishike ndipo muende nyingine. Mwenye shida ya kumbukumbu akizoea kukosea, kosa lenyewe ndilo linalokaa kichwani. Kwa hiyo mwanzoni mzuieni asikosee.

Siku ya tatu pimeni tena bila msaada. Baada ya wiki moja pimeni mara nyingine, ili kuona kama kimebaki.

Tuseme kuna watu wawili. Wa kwanza alipata hatua 2 kati ya 6 siku ya kwanza, siku ya tatu akapata 4, baada ya wiki akapata 5. Wa pili alipata 4 siku ya kwanza, akapata 4 siku ya tatu, na 4 baada ya wiki. Kikundi kikipima siku moja tu, kitamchagua wa pili na kumwacha wa kwanza. Lakini ni nani aliyejifunza? Ni wa kwanza. Amepanda hatua tatu. Huyu anaweza kupewa kazi mpya na mwalimu mvumilivu.

Na wa pili? Tusimtupe. Anaweza kupewa zile hatua nne anazozijua, na mwingine amalizie mbili. Tena tuulize: je, tulimfundisha vizuri? Kazi hii anaipenda? Mtu wa Tabaka anayeshindwa na miche huenda akapewa msasa na kijiwe akakisugua mpaka king'ae. Kutojifunza kitalu si kutojifunza kila kitu.

Kwa kumbukumbu, saidieni kwa vitu: picha ya kila hatua ukutani, kamba yenye mafundo sita, saa moja ile ile kila siku, mwalimu mmoja yule yule. Egesangio yetu ya zamani ilifanya kazi hivi hivi. Mtu mpya aliwekwa katikati ya wawili wanaojua.

8. Mipaka ya kipimo hiki

Tuseme wazi. Kipimo cha kikundi ni cha kuamua namna ya kufundisha na kugawa kazi. Si cheti cha daktari. Hakiwezi kusema mtu ana ugonjwa gani. Hakiwezi kamwe kutumiwa kumnyang'anya mtu shamba.

Tunasema hivyo kwa sababu yapo. Kijana anaugua, ndugu wanakaa, wanasema, "Huyu hana akili, atafanya nini na ardhi?" Wanagawana. Jueni kwamba kuugua hakumwondolei mtu haki ya mali. Ikiwa kweli mtu hawezi kusimamia mali yake, anayeweza kutoa amri ni mahakama, kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022. Siyo ndugu, siyo mzee wa kijiji, na siyo kikundi chetu.

Wala kisitumiwe kumshuku mzee. Mzee anayepotea njia usiku, anayejisemea peke yake, anayesahau jina la mjukuu, huenda ana ugonjwa wa ubongo wa uzeeni. Mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto katika eneo la Kisii kwa kushukiwa uchawi, na Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa huko Marani kwa shutuma kama hizo. Kusahau si uchawi. Mpelekeni mzee hospitali, tena mapema, kabla ya maneno ya kijiji kumfikia.

Mtu mzima mwenye dalili za ugonjwa wa akili apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu, naye ataelekezwa hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira. Mtoto anayechelewa kujifunza apelekwe katika kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, vile vituo vilivyoanzishwa nchini tangu 1984 kwa msaada wa Denmark. Ofisi ya elimu itawaelekeza. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kufuatana nanyi.

9. Mwisho wa habari ya yule mama

Tulirudi katika kile kikundi tukaomba radhi. Haikuwa rahisi, baadhi walisema tunataka kuharibu hela za watu. Mwenyekiti akasema tujaribu. Tukachagua siku mbali na sindano, nyumbani kwake, akiwa na dada yake. Tukatumia daftari lenyewe la kikundi, safu moja moja. Siku ya kwanza alikosea katika kubeba kumi. Tukamchorea mstari mwekundu pale pa kubebea. Wiki iliyofuata alikosea mara moja tu, naye akajisahihisha kabla hatujasema neno.

Leo hashiki pesa peke yake. Anaandika yeye, mwingine anahesabu, wa tatu anashika ufunguo. Wanachama walipoona utaratibu huo ulivyo mzuri, waliamua uwe hivyo daima, hata kwa mweka hazina asiyewahi kuugua. Kwa hiyo kumpima mmoja vizuri kumelinda pesa za wote.

Wakati mwingine bado anakuwa na siku mbaya. Siku hizo hutuma mtoto aseme, "Mama amesema leo hawezi." Nao humngojea. Mtu anayejua siku asizoweza, na akasema, je, huyo hana obong'aini?

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu ni nani tuliyemwondoa kazini kwa sababu ya swali moja tu? Msitaje jina mbele ya watu. Kila mtu afikiri moyoni, kisha mzungumze jinsi ya kumrudia.
2. Chagueni kazi moja ya kikundi (kuchuma majani mawili na chipukizi, kufuga kuku, kufuma vikapu). Igaweni katika hatua sita au saba. Ni hatua gani ngumu kwa mtu anayesahau?
3. Fanyeni zoezi wawili wawili: mmoja amfundishe mwenzake kazi asiyoijua kwa kutumia zile ngazi nne za msaada. Mfundishaji alisikiaje alipolazimika kungoja?
4. Siku ya mkutano wetu inagongana na siku ya kliniki ya mwanachama yeyote? Tunaweza kuisogeza?
5. Ni maneno gani ya kuwaita wagonjwa tutakayoyaacha kuanzia leo?

Andikeni majibu yenu katika daftari la kikundi. Tutakapowatembelea tutaanza na hayo, na tutataka kusikia hasa habari za swali la kwanza.